Kusafisha au Kuandaa? Dhana ya Uandaaji wa Maji Taka ya Mifugo katika Uzalishaji wa Bayogesi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza hatua zinazochukuliwa kabla ya maji taka ya mifugo kuingizwa katika mtambo wa bayogesi, na yanachunguza namna hatua hizo zinavyotajwa kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba istilahi "usafishaji wa awali", ambayo mwandishi mwenyewe aliwahi kuitumia katika tafsiri, inapotosha. Humfanya msomaji aone uchafu wa kutupwa pale ambapo mtaalamu wa bayogesi anaona chakula cha vijidudu. Makala yanafafanua kazi tatu zilizofumbatwa katika dhana hii, yaani kuondoa, kulainisha na kulinganisha, yanaonesha kwa hesabu nyepesi mipaka ya kila moja, na kupendekeza istilahi "uandaaji" itumike katika miongozo na nyaraka za sera za ukanda wetu.

Istilahi za msingi: bayogesi, maji taka ya mifugo, uandaaji, istilahi, sera

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri mwongozo mfupi wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa magharibi mwa Uganda. Mwongozo ulikuwa na sura moja kuhusu hatua za kuchukua kabla ya maji ya kuoshea banda kuingia katika mtambo wa bayogesi. Sikuwa na kamusi ya fani hiyo, wala sikumwuliza fundi. Kwa kuwa sura ilizungumzia maji taka, na kwa kuwa maji taka husafishwa, niliandika "usafishaji wa awali wa maji taka". Tafsiri ikapitishwa na kuchapishwa.

Nilipopata nafasi ya kuwatembelea baadhi ya wasomaji wa mwongozo ule, niliikuta familia moja imechimba shimo la kutuamisha maji kabla ya mtambo. Maji ya juu yaliingia mtamboni. Tope zito lililobaki chini lilizolewa kila wiki na kumwagwa migombani. Gesi ilitosha kuchemsha chai tu. Mama mwenye mji aliniambia kwa upole: "Mwalimu, kitabu chenu kilisema tusafishe kwanza. Sisi tumesafisha." Alikuwa amenielewa barabara. Kosa lilikuwa la neno langu, kwa maana lile tope alilolitupa ndilo lililobeba sehemu kubwa ya gesi aliyoitarajia.

Makala haya yanalirejea kosa hilo kwa sababu uzito wake unaongezeka. Rwanda iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua kama hiyo mwaka 2022. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imeipa lugha hii hadhi ya lugha rasmi. Nyaraka za nishati, kilimo na mazingira zitaandikwa kwa Kiswahili zaidi kuliko zamani. Istilahi isiyo sahihi katika nyaraka hizo itaishia katika saruji na matofali, na kuibomoa huko ni kazi ghali kuliko kuifuta katika karatasi.

2.0 Yanayotokea ndani ya mtambo

Bayogesi huzalishwa na vijidudu vinavyovunjavunja mata ogania mahali pasipo na oksijeni. Kazi hiyo hupitia hatua nne. Katika hatua ya kwanza, haidrolisisi, vimeng'enya vya bakteria hukata molekuli kubwa za wanga, protini na mafuta kuwa molekuli ndogo zinazoyeyuka majini. Katika hatua ya pili, bakteria wengine huzigeuza molekuli hizo kuwa asidi nyepesi, alkoholi, haidrojeni na kabonidayoksaidi. Hatua ya tatu huzigeuza asidi hizo kuwa asidi asetiki na haidrojeni. Katika hatua ya nne, arkea, kundi la vijidudu lililo tofauti na bakteria, hutengeneza methani.

Mchanganyiko unaotoka huwa na methani ya takriban asilimia 50 hadi 70; sehemu kubwa ya kinachobaki ni kabonidayoksaidi. Ndani yake mna pia haidrojeni salfaidi kidogo, ile yenye harufu ya yai viza, ambayo hula vyuma na ni sumu ikizidi.

Mambo mawili ya mfuatano huu yanahusu mada yetu. Kwanza, mnyororo wote huenda kwa mwendo wa hatua iliyo polepole kuliko zote. Kwa malighafi yenye nyuzi nyingi, kama kinyesi cha ng'ombe, hatua hiyo ni haidrolisisi. Pili, arkea wanaotengeneza methani ni wepesi wa kudhurika na huzaana taratibu. Hustawi pale ambapo pH ni karibu na 7, na baadhi yao huhitaji siku kadhaa ili idadi yao iongezeke maradufu. Hatua zinazotangulia mtambo, kwa hiyo, zina malengo mawili: kuiharakisha haidrolisisi na kuwalinda arkea.

Wahandisi hupima wingi wa mata ogania katika maji taka kwa kigezo cha mahitaji ya kikemikali ya oksijeni. Kinadharia, kila kilo moja ya mahitaji hayo inayovunjwa mtamboni hutoa methani ya mita za ujazo 0.35 katika hali sanifu ya joto na mgandamizo. Katika usafishaji wa kawaida wa maji taka, kigezo hiki ni kipimo cha uchafu. Katika bayogesi, ni kipimo cha hazina. Kilo ileile huhesabiwa kuwa hasara upande mmoja na faida upande wa pili, na hapo ndipo neno "kusafisha" linapoanza kumchanganya msomaji.

3.0 Ng'ombe kama mwandaaji wa kwanza

Wapo wanaouliza kwa nini kinyesi, kitu kilichokwisha kumeng'enywa, kihitaji kuandaliwa tena. Jibu limo katika tumbo la ng'ombe lenyewe. Tumbo lake la kwanza ni chombo cha uchachushaji kinachofanana na mtambo wa bayogesi: lina joto, halina oksijeni, na limejaa vijidudu vinavyovunja selulosi. Ng'ombe amekwisha kuchukua kilicho rahisi kuvunjwa. Kinachotoka nje ni yale masalia yaliyomshinda, hasa selulosi na hemiselulosi zilizofungwa ndani ya lignini, dutu ngumu inayoupa mmea uimara na ambayo kwa hakika haivunjiki mahali pasipo na oksijeni.

Hali hutofautiana kwa mifugo mingine. Kinyesi cha nguruwe na cha kuku huoza kwa urahisi zaidi, lakini kina naitrojeni nyingi inayogeuka kuwa amonia, na amonia ikizidi huwadhoofisha arkea. Maji ya machinjio yana damu na mafuta: damu huongeza naitrojeni, na mafuta, ingawa yana uwezo mkubwa wa kutoa methani, huelea juu na kuziba mabomba yakiingia kwa wingi mara moja. Kwa hiyo hakuna hatua moja inayofaa maji taka yote ya mifugo. Mwongozo unaotoa kanuni moja kwa banda la ng'ombe, zizi la nguruwe na machinjio ya mji una kasoro hata kama Kiswahili chake ni fasaha.

4.0 Kazi tatu za uandaaji

4.1 Kuondoa kisichooza

Kazi ya kwanza ni kuondoa vitu ambavyo havitatoa gesi hata vikikaa mtamboni miaka kumi: mchanga, mawe, plastiki, kamba na vipande vya mbao. Mitambo mingi ya kaya katika Afrika Mashariki ni ya kuba lisilosogea, iliyojengwa chini ya ardhi kwa matofali, ya aina ambayo kituo cha CAMARTEC cha Arusha kilichangia sana kuiendeleza katika miaka ya 1980. Mchanga ukiingia katika mtambo wa namna hii hutua chini na kupunguza nafasi mwaka hadi mwaka, na kuutoa huhitaji kulifungua tangi lote. Wavu kwenye mfereji na kisanduku kidogo cha kunasa mchanga vyatosha kwa kaya. Sharti ni moja: maji yapite kwa mwendo unaoruhusu mchanga utue huku nyuzi za kinyesi zikiendelea na safari. Shimo kubwa la kutuamisha, kama lile nililolikuta kwa mama yule, hunasa vyote viwili.

Yako mazingira ambamo kutenganisha mango na maji ni sahihi. Mitambo ya kasi ambayo maji hupanda kupitia tabaka la tope lenye vijidudu, iliyobuniwa na Gatze Lettinga na wenzake nchini Uholanzi katika miaka ya 1970, haistahimili mango mengi. Shamba kubwa au machinjio yenye mtambo wa aina hiyo yatatenganisha, lakini mango yaliyotengwa yapelekwe kwenye mtambo mwingine unaoyafaa au yawe mboji kwa mpango maalumu. Yasihesabiwe kuwa takataka.

4.2 Kulainisha kinachooza polepole

Kazi ya pili ni kuzifungua nyuzi ili vimeng'enya vizifikie. Njia zake ni nne, na kila moja ina ndugu yake jikoni mwetu.

Njia ya kwanza ni kukatakata na kusaga, kama tunavyotwanga nafaka kabla ya kupika. Majani na mabua yaliyobaki horini yakikatwa vipande vidogo huongeza eneo ambalo bakteria huweza kulishambulia, na hayaelei kirahisi kufanya gamba juu ya rojo. Kwa kaya, panga au mashine ya kukatia majani ya ng'ombe inatosha.

Njia ya pili ni kupasha moto. Joto hulainisha kuta za seli na kuyeyusha sehemu ya protini na mafuta. Katika mitambo mikubwa joto hupandishwa zaidi ya nyuzi 150 za Selsiasi kwa mvuke wenye mgandamizo. Mtambo wa Blue Plains jijini Washington, unaohudumia maji taka ya binadamu, umekuwa ukitumia teknolojia hiyo kwa tope lake tangu mwaka 2015. Joto likizidi sana, sukari na protini huungana na kuwa dutu ngumu zaidi kuoza kuliko zilivyokuwa mwanzo.

Njia ya tatu ni kuloweka katika alikali, kwa mfano chokaa au sodiamu haidroksaidi. Alikali hukata vifungo kati ya lignini na hemiselulosi. Kasoro zake ni bei, hatari kwa ngozi na macho ya mtumiaji, na kwamba sodiamu ikizidi huwadhuru arkea na baadaye huharibu udongo unaopokea tope la mtambo.

Njia ya nne ni ya kibiolojia, nayo ina jina zuri la Kiswahili: kuvundika. Rojo huachwa siku moja hadi tatu katika chombo cha kwanza ili haidrolisisi na utengenezaji wa asidi vianze huko, kisha hupelekwa katika chombo cha pili ambako arkea hufanya kazi bila msukosuko. Ni njia ya gharama ndogo, lakini chombo cha kwanza kinapaswa kufunikwa na muda kuzingatiwa. Rojo ikikaa muda mrefu shimoni bila kifuniko, mata ogania hupotea na methani hutoroka kwenda angani, ambako kwa kipindi cha miaka 100 kilo moja yake hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kilo moja ya kabonidayoksaidi.

4.3 Kulinganisha rojo

Kazi ya tatu ni kuifanya rojo iwe katika hali ambayo vijidudu vitaimudu. Inahusu kiasi cha maji, uwiano wa kaboni na naitrojeni, na kuzuia sumu.

Maji ndiyo yanayopuuzwa kuliko yote. Kanuni iliyozoeleka kwa kinyesi kibichi cha ng'ombe ni ndoo moja ya kinyesi kwa ndoo moja ya maji. Tuchukue mtambo wenye nafasi ya rojo ya lita 4,000 unaopokea kilo 40 za kinyesi kwa siku. Ukiongeza lita 40 za maji, huingia takriban lita 80 kila siku, na rojo hukaa mtamboni siku 50. Banda likioshwa kwa lita 160 na maji yote yakaelekezwa mtamboni, huingia lita 200, na rojo hukaa siku 20 tu. Kinyesi ni kilekile, lakini kinatolewa nje kabla ya kuvunjwa sawasawa, na arkea wanaozaana taratibu hutoka pamoja nacho. Katika nyanda za juu za Kigezi na kaskazini mwa Rwanda, ambako baridi hupunguza kasi ya vijidudu, siku 20 hazitoshi kabisa. Kwa mfugaji mdogo, kukwangua kinyesi kwa koleo kabla ya kuosha sakafu ni uandaaji wenye faida kuliko kemikali yoyote.

Kuhusu uwiano, vijidudu hufanya kazi vizuri pale ambapo kuna sehemu 20 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Kinyesi cha nguruwe au kuku kichanganywe na malighafi yenye kaboni zaidi. Kuhusu sumu, maji yenye dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, dawa za kuua vijidudu na kinyesi cha mnyama aliye kwenye tiba ya antibiotiki vielekezwe kando. Mfereji wenye njia mbili na kizuizi cha ubao hufanya kazi hiyo.

5.0 Hesabu ya joto

Mshauri wa sera huulizwa mara nyingi kama serikali ifadhili vifaa vya kupasha rojo moto. Hesabu ifuatayo inaweza kumsaidia. Tani moja ya rojo yenye nusu kinyesi na nusu maji ina kilo 500 za kinyesi. Kwa makadirio ya kawaida ya mita za ujazo 0.04 za bayogesi kwa kilo, itatoa mita za ujazo 20, yenye nishati ya takriban megajuli 420. Kuipasha tani hiyo kutoka nyuzi 22 hadi 70 huhitaji takriban megajuli 200, bila kuhesabu joto linalopotea njiani. Karibu nusu ya gesi yote inakwenda kwenye maandalizi. Hata kama joto hilo lingeongeza gesi kwa robo nzima, nyongeza ya megajuli 105 isingelipa gharama.

Rojo ikiwa na maji mara nne ya kinyesi, tani moja ina kilo 200 tu za kinyesi na gesi yake ina takriban megajuli 168. Hapo kuipasha moto kunakula zaidi ya gesi yote.

Hesabu hubadilika pale joto linapopatikana bure. Injini inayozalisha umeme kwa bayogesi hugeuza takriban theluthi moja ya nishati kuwa umeme; sehemu kubwa ya inayobaki ni joto la kupotea. Shamba kubwa au machinjio yanayotumia joto hilo, au la jua, yana haki ya kufikiria njia ya pili. Kaya yenye ng'ombe wawili haina. Katika nchi kama Rwanda, ambako mpango wa Girinka umezipa familia maskini ng'ombe mmoja mmoja tangu mwaka 2006, tofauti hii ya ukubwa inapaswa kuandikwa wazi katika sera.

6.0 Hatua ileile, makusudi tofauti

Dhana hii hupotosha pia kwa sababu hatua zinazotangulia mtambo si lazima zilenge gesi. Kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu mabaki ya wanyama, zilizotolewa mwaka 2011, zinataka baadhi ya mabaki hayo yapashwe nyuzi 70 kwa saa moja yakiwa katika vipande visivyozidi milimita 12. Lengo ni kuua vimelea vya magonjwa. Gesi ikiongezeka, hiyo ni baraka ya ziada.

Nchini Denmark baadhi ya mabanda hutia asidi salfuriki katika samadi ili pH ishuke na amonia isitoroke hewani. Kwa hewa na kwa shamba, ni hatua yenye manufaa. Kwa mtambo wa bayogesi ni tatizo: salfeti huwalisha bakteria wanaoshindana na arkea, na zao lao ni haidrojeni salfaidi. Samadi "iliyotibiwa" namna hiyo yaweza kuingizwa kwa kiasi kidogo tu. Hati ya sera isemayo "samadi itibiwe kabla ya kutumika", bila kutaja kwa ajili ya nini, inaweza kutekelezwa kwa uaminifu na bado ikaharibu mtambo.

7.0 Suala la istilahi

Kwa mintarafu hiyo, istilahi "usafishaji wa awali" haifai kwa dhana hii. Kusafisha ni kuondoa kisichotakiwa, ilhali katika kazi tatu tulizozieleza ni moja tu inayoondoa, nayo huondoa kisichooza. "Tiba" na "kutibu" nazo huashiria ugonjwa na dawa, na humwelekeza msomaji kwenye kemikali kabla ya koleo.

Napendekeza "uandaaji", kutokana na kitenzi kuandaa. Yeyote aliyeandaa maharage anajua kuwa huchambua mawe, huloweka, kisha hupima maji. Hakuna anayeyatupa maharage yenyewe. Neno hili halihitaji kiambatisho "wa awali", kwa kuwa kuandaa hutangulia kwa maana yake. "Usafishaji" ubaki kwa maji yanayotoka mtamboni kabla ya kurudishwa mtoni. Chini ya "uandaaji" ziwekwe "uondoaji", "ulainishaji" na "ulinganishaji", na kila mwongozo utaje ni kazi ipi kati ya hizo inayokusudiwa.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba uandaaji wa maji taka ya mifugo si hatua moja, na kwamba thamani yake hutegemea aina ya mnyama, kiasi cha maji na ukubwa wa mtambo. Mapendekezo ni matatu. Mosi, programu za bayogesi za kaya zianze na mambo yasiyo na gharama kubwa: kukwangua kabla ya kuosha, kunasa mchanga, kukata majani na kuelekeza dawa kando. Pili, ufadhili wa vifaa vya joto na kemikali uelekezwe pale tu ambapo hesabu ya nishati imefanywa na kuoneshwa. Tatu, taasisi za Kiswahili za ukanda huu zikae pamoja na mafundi wa mitambo, kabla ya kuchapisha, ili kusanifisha istilahi za nishati ya samadi.

Shimo la mama yule lilifukiwa siku mbili baada ya ziara yangu, na mfereji ukaelekezwa moja kwa moja mtamboni kupitia kisanduku kidogo cha mchanga. Kurasa za mwongozo, hata hivyo, zilikuwa zimekwisha kusambazwa, na sijui ni mashimo mangapi mengine yaliyochimbwa kwa neno lile.